Mafuta Yanaishia Kwenye Breki

Fika sheli yoyote ya Dar es Salaam saa moja asubuhi usikilize watu wanavyonunua mafuta. "Weka ya elfu kumi." "Ya ishirini, kaka." Ni nadra kumsikia mtu akitaja lita. Tunanunua petroli kama tunavyonunua nyanya za mafungu, halafu jioni tunalalamika kwamba kagari kanabugia. Kanabugia kiasi gani? Hapo mwenye gari ananyamaza, kwa sababu hajui lita zilizoingia wala kilomita zilizotoka. Na bei yenyewe haitulii. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo elfu kumi ya leo huenda isilete lita zile ulizopata mwezi jana. Anayepima kwa shilingi anapima bei, gari bado hajalipima.

Kupima gari hakuhitaji fundi. Jaza tangi mpaka bomba la pampu likate lenyewe, rudisha kihesabu kilomita cha trip kwenye sifuri, endesha kama kawaida yako, kisha rudi sheli ile ile ujaze tena mpaka likate. Gawa kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia mara ya pili. Kama mfuko hauruhusu kujaza kila mara, jaza mara moja mwanzo wa mwezi na mara moja mwisho wake. Katikati endelea na elfu kumi zako, ila tunza kila risiti ya EFD, maana lita zimeandikwa pale. Ukishajumlisha una jibu. Na bomba likikata, usimwambie mhudumu aongezee "kidogo tu". Mafuta ya ziada hupanda kwenye njia ya mvuke na kuingia katika kichujio cha mkaa ambacho hakikutengenezwa kupokea petroli.

Jibu lenyewe litakuwa ngapi? Toyota Vitz ya cc 1000 iliyo nzima huweza kushuka hadi kilomita 11 au 12 kwa lita katika foleni, na kwenye barabara kuu ikafika 17 au zaidi. Usishtuke ukikuta karatasi za Kijapani zinasema zaidi ya 20. Magari mengi tunayoagiza yalipimwa kwa utaratibu uliokuwa ukiitwa 10-15, uliofanyika maabara bila upepo wala kilima, mwendo wa juu kabisa ukiwa kilomita 70 kwa saa. Hakuna aliyeyapitisha kwenye foleni ya Mbezi Mwisho saa kumi na moja jioni. Linganisha gari lako na lenyewe: mwezi huu dhidi ya mwezi uliopita, njia ile ile. Vitz ya kizazi cha pili ina tangi la lita 42. Ukilitoa gari kwenye kilomita 12 kwa lita ukalifikisha 16, umejipatia kilomita 168 kwa tangi moja. Hiyo ni Dar hadi Chalinze na bado una mafuta ya kuendelea mbele.

Zinatoka wapi hizo kilomita? Watu wengi huanza kutafuta kwenye gereji. Mimi ningeanza na mguu wa kulia, na hasa wakati unapotoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki.

Injini ndogo ya petroli hugeuza takriban robo ya nguvu iliyomo kwenye mafuta kuwa mwendo. Iliyobaki hutoka kama joto kupitia rejeta na bomba la moshi. Ile robo ndiyo inayokusogeza, na kila unapokanyaga breki unaigeuza nayo kuwa joto la pedi na diski. Chukua gari la kilo 1,100 pamoja na dereva, lipo kwenye kilomita 60 kwa saa. Kulisimamisha kabisa na kulirudisha kwenye mwendo ule ule kunagharimu kama mililita 19 za petroli, zaidi kidogo ya kijiko kikubwa cha chakula. Unaona ni kidogo? Simama hivyo mara 50, karibu lita nzima imekwenda. Tena hasara hupanda kwa kasi kuliko mwendo: kutoka 80 kusimama mara moja kunakula mililita 34, wakati kutoka 30 hazifiki tano. Mwendo ukiongezeka mara mbili, gharama ya kusimama inakuwa mara nne.

Ndiyo maana dereva anayebana mafuta hatambuliki kwa kutembea polepole. Tazama taa zake za nyuma: haziwaki ovyo. Anaangalia gari la tatu au la nne mbele yake, si bampa ya gari linalomtangulia. Akiona taa za barabarani zimekuwa nyekundu mita 200 mbele, anatoa mguu pale pale na kuliacha gari lijipunguze lenyewe. Mara nyingi anafika taa zikiwa za kijani na gari bado linatembea. Jirani yake aliyempita kwa kishindo amesimama pembeni, anaanza upya kutoka sifuri. Hapo ndipo mafuta yanapopotelea.

Barabara zetu zinalifanya jambo hili kuwa kubwa zaidi kuliko vitabu vya Ulaya vinavyosema, kwa sababu ya matuta. Toka Kibaha kuelekea Chalinze, kisha Morogoro: kijiji, kibao cha 50, rasta, tuta, pundamilia, tuta jingine, halafu uwanja mtupu hadi kijiji kinachofuata. Dereva wa kawaida hupandisha hadi 100 katika ule uwanja, hugundua tuta likiwa mita 60 mbele, hukanyaga breki mpaka abiria wainame, kisha huondoka kwa hasira. Akirudia hayo kila kijiji hadi Morogoro, ameshaunguza mafuta mengi kwa ajili ya kupasha moto pedi. Badala yake, ukiona kwa mbali kibao cha 50 au nyumba za kwanza, toa mguu na uache gia ilipo. Gari litakuwa limeshuka lenyewe kabla ya rasta. Na faida nyingine unaijua: trafiki wenye tochi za kupimia mwendo hukaa pale pale kibao kinapoanza.

Nimesema uache gia ilipo. Hapa kuna ubishi mkubwa kati ya madereva, maana wengi waliofundishwa kwenye Datsun na Peugeot 504 bado wanaapa kwamba kwenye mteremko unatia free ili kuokoa mafuta. Kwenye injini ya kabureta hoja yao ilikuwa na msingi. Lakini gari lako lina nozeli zinazoongozwa na kompyuta. Ukitoa mguu gari likiwa kwenye gia na mzunguko wa injini ukiwa juu ya silensa, yaani ule wa gari kunguruma bila kukanyagwa mafuta, kompyuta hufunga nozeli kabisa: magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, petroli haiingii hata tone. Ukitia free unaitenga injini na magurudumu, na ili isizime inabidi ichome mafuta ya silensa. Kwa hiyo mtu anayeteremka kwa free analipia mafuta ambayo mwenzake aliyebaki kwenye gia halipi. Upo mteremko mdogo sana ambako free ingekusogeza mbele kidogo zaidi, nakubali, ila faida yake ni matone, na kwa gari la otomatiki kurusha gia kati ya N na D mwendoni ni kuitafutia gia boksi ugonjwa. Kwenye miteremko kama Kitonga au Sekenke hata tusijadili. Free pale maana yake umebaki na breki peke yake.

Kuondoka nako kuna namna yake. Kukanyaga mafuta kwa woga, gari linajikokota kwenye gia ya pili nusu kilomita, hakuokoi chochote. Ondoka kwa nguvu ya wastani, fika kwenye mwendo unaoutaka, kisha legeza mguu ili gia ya juu iingie. Kwenye manyuo badilisha gia injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika. Kwenye otomatiki utasikia gia ikipanda mara ulegezapo.

Na kwa wenye otomatiki za zamani, IST ya kwanza, Vitz ya kwanza na wenzao, tazama dashibodi sasa hivi. Je, kuna taa imeandikwa O/D OFF inawaka? Basi gia ya nne imefungwa. Kitufe chake kiko ubavuni mwa mkono wa gia, hugongwa na kidole au na mtoto bila mtu kujua, na wapo wanaoendesha hivyo mwaka mzima wakidhani taa ikiwaka ndiyo mfumo wa kubana mafuta umewashwa. Ni kinyume chake. Taa hiyo inatakiwa iwe imezima wakati wote, isipokuwa unapopanda mlima mrefu au unaposhuka ukitaka injini ikusaidie kushika gari. Sijui ushauri mwingine wowote wa mafuta unaogharimu kubonyeza kitufe mara moja.

Barabara kuu ina adui wake, nao ni upepo. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo: gari kwenye 110 linasukuma upepo wenye nguvu karibu mara mbili ya ule wa kwenye 80. Bebiwoka zetu, hivi vigari vidogo, ni fupi na zimesimama wima, injini zake ni ndogo, kwa hiyo juu ya 90 unaanza kulipa bei ya gari kubwa bila raha ya gari kubwa. Dar hadi Morogoro ni kama kilomita 190, na kwa vibao vya 50 vilivyojaa humo, ile 110 ya vipande vipande haikufikishi mapema kama unavyodhani. Kaa kwenye 80 au 85 iliyotulia. Keria ya juu ambayo haijabeba kitu iteremshe, maana nayo inakamata upepo. Buti nalo lifungue: dumu la maji, spika kubwa, tairi mbili za akiba, mfuko wa saruji wa tangu msimu wa ujenzi. Kilo 45 za ziada hula kama asilimia moja ya mafuta, na kwenye gari dogo huuma zaidi.

Foleni ndiyo habari nyingine, na ukweli wake haupendezi: ndani ya foleni hakuna ufundi mkubwa wa kuokoa mafuta. Injini ndogo ikiwa silensa hula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, kutegemea kama kiyoyozi kinafanya kazi, na kilomita unazopata kwa mafuta hayo ni sifuri. Mwenye kukaa kwenye foleni kwa saa nzima asubuhi na saa nzima jioni anaweza kuwa anaacha lita nzima au zaidi barabarani kila siku ya kazi. Kutoka nyumbani nusu saa mapema kutakusaidia kuliko plagi za aina yoyote. Trafiki akishaanza kuongoza magari kwa mkono na ukaona upande wako umefungwa, zima injini. Kwa gari lisilo na mfumo wa kujizima lenyewe mimi huona dakika moja ni kipimo kizuri, ili betri na stata visilalamike. Foleni ikisogea kwa mita tatu tatu, acha nafasi mbele yako na utambae taratibu bila kusimama. Najua, bajaji itaingia kwenye hiyo nafasi. Iache iingie.

Kuhusu kiyoyozi, jibu linategemea mwendo. Kompresa huchukua sehemu kubwa ya nguvu ya injini ya cc 1000 wakati gari liko polepole, kwa hiyo mitaani fungua vioo ukiweza kuvumilia moshi wa daladala. Juu ya 80 vioo vilivyo wazi navyo vinavuta upepo, hapo funga uwashe kiyoyozi kwa amani. Gari lililoanikwa juani Kariakoo mchana lipe kwanza dakika moja vioo vikiwa wazi ili joto litoke. Kompresa itakuwa na kazi ndogo.

Sasa matairi. Shida ya upepo wa tairi kwetu ni kwamba tunamwachia kijana wa pancha aamue, naye anajaza 40 kwa kila gari kwa sababu "barabara mbovu, bosi", au anabonyeza kwa kidole. Kiwango sahihi kimebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Karatasi hiyo ni ya Kijapani na vipimo vyake ni kPa, ndiyo maana watu wanaipuuza. Hesabu ni hii: 220 ni psi 32, 230 ni psi 33, 250 ni psi 36. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kuwa tairi lenye moto husoma zaidi. Kila psi moja inayopungua katika matairi yote manne hupunguza kilomita zako kwa takriban asilimia 0.2, tairi zilizoshuka kwa psi 10 zimekula asilimia mbili, na zimejila zenyewe pembeni pia. Rimu za spoti pana na nzito ni hiari yako, lakini usiniulize kwa nini gari limeanza kunywa.

Gereji nimeiacha nyuma makusudi. Gari lililo zima halihitaji "kuchuniwa" ili libane mafuta, lakini gari bovu linaweza kukumaliza, na ubovu mmoja tunautengeneza wenyewe: kung'oa thamostati. Gari likichemka mara moja, fundi anaitoa, anakwambia hii ni kwa ajili ya nchi za baridi, kwetu joto lipo la kutosha. Si kweli. Thamostati huifanya injini ifike haraka kwenye joto lake la kazi, ambalo ni karibu nyuzi 90, na kubaki hapo. Ikiondolewa, maji huzunguka muda wote, injini inabaki ya uvuguvugu, na kompyuta ikidhani ndiyo kwanza imewashwa huendelea kumwaga mafuta mengi. Mwenye gari wa kwenye baridi ya Njombe au Limuru ataumia zaidi, ila hata wa Temeke anaumia usiku na barabarani. Kama yako iliondolewa, nunua nyingine irudishwe, na kilichosababisha kuchemka kitafutwe: rejeta iliyoziba, feni, au maji ya bomba yaliyowekwa badala ya kuleanti.

La pili ni ile taa ya rangi ya machungwa yenye umbo la injini. Ikiwaka, watu huificha kwa kipande cha selotepu. Mara nyingi inayolalamika ni sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi, ambayo ndiyo inayoiambia kompyuta kama mafuta yamezidi. Ikifa, matumizi yanaweza kuharibika kwa kiasi ambacho mguu wako hautaweza kukirudisha. Peleka gari likapimwe kwa mashine kabla ya kubadilisha kitu chochote kwa kubahatisha.

Oili weka ile iliyoandikwa kwenye kitabu. Nyingi ya injini hizi zilitengenezwa kwa 0W-20 au 5W-30, na kuzimiminia 20W-50 nzito ni kuifanya injini isukume uji kabla haijasukuma gari. Breki zilizokamata ni rahisi kuzigundua: kwenye sakafu tambarare, tia N, achia handibreki, sukuma. Kagari kadogo kanatakiwa kaondoke kwa mkono wa mtu mmoja. Ea kilina ibadilishe kwa sababu ya vumbi linaloila injini, ila usitegemee muujiza wa mafuta. Kwenye injini za nozeli, kompyuta hurekebisha mchanganyiko, na ea kilina chafu hupunguza nguvu ya kupita magari kuliko inavyoongeza unywaji.

Yapo mengine ambayo hayastahili hela yako. Kununua mafuta alfajiri kwa kuwa petroli ya baridi ni "nzito": tangi la sheli liko chini ya ardhi na joto lake halibadiliki sana kati ya asubuhi na mchana. Mafuta ya okteni ya juu kwa Passo: petroli ya kawaida ya Japani, ambayo injini hiyo ilibuniwa kuinywa, ni ya okteni 90 hivi, na ya kwetu ya kawaida tayari inaizidi. Sumaku za kufunga kwenye mpira wa mafuta, vidonge vya kutumbukiza kwenye tangi, kifaa cha kuchomeka chini ya usukani: kama vingefanya kazi, Toyota wangevifunga kiwandani. Kuishi na taa ya mafuta ikiwaka ili gari "liwe jepesi" ni balaa, kwani pampu iliyomo ndani ya tangi hupoozwa na petroli yenyewe.

Na mwisho, kuna wanaojibanza nyuma ya lori ili liwakatie upepo. Upepo kweli hupungua, na mafuta kidogo huokolewa. Lakini ili upate faida hiyo inabidi uwe karibu kiasi cha kutoona kitu kingine zaidi ya tela, na lori likigonga breki kwa ajili ya ng'ombe pale Mdaula, Vitz yako itaingia chini yake kabla mguu haujafika kwenye pedeli. Lipite penye nafasi, au liache liende.